Ng'ombe wa Fidia ya Walter

S.L.P. Suna,
11 Februari 1965

Kwa dada yangu Kezia, Mama Robi,

Leo sina salamu ndefu. Walter ameuawa. Nimeandika neno hilo kwanza kwa sababu najua nikianza na salamu sitalifikia.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nane mchana. Watu wa boma letu na majirani walikuwa wamekwenda kumzika mzee mmoja nyuma ya kilima. Nami nilikwenda, maana ningesemwa. Walter alibaki na ng'ombe. Ndugu yake, shemeji yangu Cephas, alikuwa ameahidi kubaki naye, kisha nikamwona mazishini, amekaa mbele kabisa. Nilipomwuliza, alisema, "Walter mwenyewe ameniambia niende."

Tulikuwa bado tunaimba tuliposikia nduru. Bibi mmoja wa jirani, aliyeshindwa kupanda kilima, ndiye aliyepiga. Tulipofika zizi lilikuwa tupu, ng'ombe wote kumi na wanne wameswagwa, na Walter amelala mlangoni mwa zizi, amekatwa panga shingoni. Alikuwa bado na joto. Wewe na mimi tumewafumba wafu wengi macho, Kezia, ile miaka miwili tuliyofanya kazi wodini. Mikono yangu ilijua la kufanya kabla mimi sijajua. Nilibaki nikiitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Askari walifuata kwato mpaka mtoni, wakavuka, wakaona zimeingia kwenu. Huko zikapotea katika nyayo za ng'ombe wengine. DO, afisa wa serikali wa tarafa, alikuja akaita baraza. Alisema kwa kuwa wezi hawajulikani, lokesheni nzima, eneo lote la chifu ambamo kwato zimepotelea, italipa: ng'ombe kumi na wanne badala ya walioibwa, na sita juu yao kwa ajili ya damu. "Serikali haitaacha mjane alie bure," akasema.

Dada, lokesheni hiyo ni yenu. Sikuandikii kwa ubaya. Wizi hauna kabila; mwaka juzi vijana wa huku walivuka mto na ninyi ndio mliolia. Ninaomba kitu kimoja. Ukisikia jina, kisimani au sokoni, niandikie. Ng'ombe sitawakataa, nina watoto watatu. Lakini ng'ombe hawezi kuniambia ni nani aliyefanya.

Wako,
Jedidah, Mama Awuor


Misheni, Kehancha,
27 Februari 1965

Mama Awuor wangu,

Barua yako aliniletea katekista. Niliisomea jikoni ili moshi uwe kisingizio cha macho yangu. Walter! Yule aliyekuwa akituletea sukari guru langoni mwa hospitali na kumwambia mlinzi kwamba sisi wawili ni dada zake, mmoja mfupi na mwingine Mkuria. Nimemkumbuka nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka. Pole, mwenzangu. Pole sana. Neno lenyewe ni dogo na sina lingine.

Askari wamefika kweli. Walipiga hema karibu na soko, wakakaa siku tatu, na kila boma likatoa. Sisi tulitoa wawili. Jirani yangu Weigesa ni mjane, hana mtoto wa kiume hata mmoja wa kushukiwa, na ng'ombe wake alikuwa huyo huyo mmoja. Alimshika mkia mpaka askari akamfungua vidole kimoja kimoja. Sikuambii haya kukulaumu. Nakuambia kwa sababu nilikuwa nimesimama pale, na nikawaza kwamba ng'ombe yule anakuja kwako, nikashindwa kujua nimlilie nani.

Umeniuliza jina. Jina silijui. Kisimani watu wanachota maji na kuondoka, na sokoni wanazungumza bei tu. Mume wangu Maroa anasema wale ni watu wa mbali, wa ng'ambo ya mpaka, walipita tu hapa kwetu.

Ninachojua mimi ni kwamba hawana Mungu. Kumkata mtu anayechechemea, ambaye asingeweza hata kuwakimbia! Nibusie watoto.

Wako,
Kezia


Suna,
9 Machi 1965

Mama Robi,

Nimesoma barua yako mara nne.

Walter hakuwa kiwete. Unamjua, alikuwa akitembea kwa miguu mpaka Awendo na kurudi siku hiyo hiyo. Jumatatu jioni, siku tatu kabla ya kufa, alijikata na jembe, mguu ukavimba. Ndiyo sababu hakwenda mazishini. Katika barua yangu sikuandika habari za mguu. Nimejiuliza sana, nikamwuliza hata Awuor aliyekuwa amekaa karibu yangu nikiandika. Sikuandika.

Waliomwona akichechemea ni sisi wa bomani, na waliomuua. Nani alikuambia, Kezia?

Habari za huku ni hizi. Ng'ombe ishirini wamefika kambi ya chifu. Wazee wa ukoo wamemwandika Cephas kuwa mpokeaji. Niliposema mjane ni mimi, walisema mke ni wa nyumba, na nyumba haipokei ng'ombe. Cephas anataka kunirithi kwa desturi ya tero. Amekuja mara mbili na kiti chake, akitaka kukiweka nyumbani mwangu kama mume. Jana alisema, "Wewe mama, wacha kichwa ngumu. Ng'ombe ni ya ndugu yangu, na wewe pia ni ya ndugu yangu." Nikamwambia nilifunga ndoa kanisani na mtu mmoja, na huyo nimemzika.

DO atasikiliza malalamiko tarehe 10 Juni. Mwenye neno aje na shahidi wake.

Nangoja jibu lako.

Jedidah


Suna,
2 Mei 1965

Kezia,

Karibu miezi miwili. Katekista ananiambia u mzima, alikuona kanisani ukiimba. Basi sauti unayo.

Jedidah


Kehancha,
14 Mei 1965

Jedidah,

Barua hii nimeianza mara nyingi na kuitia motoni. Leo mume wangu amekwenda mnadani, nina saa chache.

Aliyeniambia ni yeye. Maroa. Alikuwa mmoja wao.

Alirudi Ijumaa ile, shati limechanika, akakaa siku mbili hataki chakula. Siku ya tatu akasema, "Kulikuwa na mtu. Tuliambiwa hakutakuwa na mtu. Alikuja akichechemea na fimbo, akasimama mlangoni mwa zizi, Mniko akamkata." Mniko ni binamu yake. Maroa anaapa kwamba yeye alikuwa nyuma akiswaga, na panga lake halikugusa mtu. Nikamwuliza ni wapi. Alipoanza kuniambia mahali, niliomba Mungu asimalize. Yeye hakujua ni kwa nani. Barua yako ilipofika nilimsomea, akatoka nje kabla sijamaliza. Kisha akarudi akaniambia, "Utamjibu kwamba hujui." Nikakujibu hivyo. Lile neno la mguu lilinitoka tu. Lilikuwa limenijaa kichwani.

Kuna jambo jingine, na hili ni baya kuliko la kwanza. Aliyewaambia kwamba hakutakuwa na mtu ni shemeji yako. Cephas alikutana nao mnadani Jumatatu ile, asubuhi, Walter akiwa bado mzima mguu. Aliwaambia Alhamisi watu wote watakwenda kuzika na ng'ombe watabaki peke yao, naye atapata sehemu yake wakishauzwa ng'ambo ya mpaka. Baadaye alipoona ndugu yake hawezi kutembea, angeweza kubaki naye. Hakubaki. Hakumwonya. Alivaa kofia akaenda mazishini.

Maroa aliwatoa wale ng'ombe wawili kwa askari, akasema, "Tumelipa, yamekwisha." Weigesa amelipa, na Mniko amelipa, wote sawa. Mniko anapita hapa kila siku, ananiita shemeji, ananiomba maji ya kunywa, nami nampa.

Ukiipeleka barua hii kwa DO, Mniko atanyongwa na Maroa pamoja naye. Sheria haitauliza nani alikuwa nyuma ya ng'ombe. Nina watoto wanne. Siwezi kukuambia uipeleke, wala siwezi kukuambia usiipeleke. Nilinyamaza kwanza kwa kumwogopa, kisha kwa kumpenda, na sasa sijui tena ni kipi kinachonifunga mdomo.

Kezia


Asumbi,
20 Juni 1965

Mama Robi,

Utaona anwani imebadilika. Nipo kwa baba yangu, na watoto wapo nami. Nitakuambia ilivyokuwa.

Tarehe 10 nilikwenda kambi ya chifu, barua yako nimeitia kifuani ndani ya nguo. Cephas alikuwa amevaa koti la Walter. Nilisimama nikasema mume wangu hakuuawa na watu wa mbali tu, kuna mtu wa bomani aliyewaonyesha njia. Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema, "Mwanamke akikataa kurithiwa, hutunga hadithi." DO akawanyamazisha, akaniuliza kwa upole, "Mama, una shahidi?"

Mkono wangu ulikuwa tayari kifuani. Nilikwisha kuishika karatasi.

Nikamkumbuka Robi. Mimi ndiye niliyekuzalisha, Kezia. Alitoka kitovu kimemzunguka shingoni, amekuwa wa buluu, nikampuliza mpaka akalia. Nikaona shingo ile ndogo, nikaona na shingo ya baba yake.

Nikasema, "Sina."

Walicheka, si wote, lakini wa kutosha. Ng'ombe ishirini walikabidhiwa Cephas pale pale. Nilisimama nikawatazama wakipita. Sikujua yupi ni wa Weigesa.

Usinishukuru. Nimewaweka watoto wako mbele ya watoto wangu, na sijui kama nilikuwa na haki hiyo. Sijamsamehe Maroa. Nilipokuwa naondoka nilimkuta Cephas langoni peke yake, nami moyo ulikuwa unawaka, nikamwambia, "Najua ulikutana na nani mnadani." Aliacha kucheka. Hiyo ndiyo fidia yangu niliyoondoka nayo.

Niandikie hapa hapa Asumbi, kwa misheni.

Jedidah


Kehancha,
3 Agosti 1965

Jedidah,

Maroa hayupo. Nimemzika Jumanne iliyopita.

Wiki mbili zilizopita alikuja mtu na ujumbe wa Cephas: Maroa avuke mto aje achukue ng'ombe watatu, kwa kuwa mambo yamekwenda vizuri na ndugu hawapaswi kusahauliana. Nilimwambia asiende. Alisema, "Nikienda nitarudisha hata mmoja kwa Weigesa." Sijui kama alisema kweli au alitaka tu nimwache apite. Ningependa iwe kweli.

Alikwenda mchana kweupe, amevaa shati safi. Alipofika karibu na soko la Suna, Cephas alitoka dukani akapiga kelele, "Mwizi! Huyu hapa! Huyu ndiye aliyemuua ndugu yangu!" Ilikuwa siku ya soko. Askari walipofika hapakuwa na haja tena ya askari. Walimleta kwa gari la polisi amefunikwa gunia, na nilipotaka kumwosha, mama mkwe alinizuia akasema nisimwone uso. Nilimwona. Tulifundishwa kutogeuza macho, wewe na mimi.

Hakuna aliyekamatwa. Waliniambia kila mtu alirusha jiwe, kwa hiyo hakuna aliyeua.

Nina neno la kukuuliza na nitaliuliza mara moja tu. Uliniandikia kwamba ulimwambia Cephas unajua alikutana na nani. Kati ya wote waliokuwa mnadani siku ile, Maroa peke yake ndiye aliyekuwa na mke anayekuandikia barua. Cephas alilijua hilo. Aliziona barua zangu zikija bomani kwenu miaka yote. Je, ulifikiri kabla ya kusema?

Sasa kamba ya serikali haiwezi kumfikia mume wangu. Barua yangu unayo bado? Itoe. Na kama karatasi haitoshi, nitakuja kwa polisi wa Homa Bay mwenyewe niseme kwa mdomo wangu, jina la Mniko na jina la Cephas. Watu wa hapa watanifukuza, maana Mniko ni damu yao. Niandikie siku.

Kezia


Asumbi,
30 Novemba 1965

Dada Kezia,

Kama bado utaniruhusu kukuita hivyo.

Tulipokutana Homa Bay mwezi wa nane tulikaa benchi moja kutwa nzima, na hatukusemeshana zaidi ya "sogea kidogo" na "wanakuita". Siku ya kesi ulisema yako, ukajibu maswali ya wakili, ukatoka nje. Nilipokufuata ulikuwa umekwisha kuondoka. Swali lako la mwezi wa nane sijalijibu. Nalijibu sasa. Sikufikiri. Nilitaka kumwona Cephas akiogopa, basi. Nilifunga mdomo mbele ya DO ili mumeo aishi, kisha nikaufungua langoni, na mdomo huo ndio uliomuua. Sitafuti neno la kulipunguza.

Hukumu imetoka. Mniko, baada ya kukamatwa kwa maelezo yako, alieleza yote, na akamtaja Cephas kama ulivyomtaja. Mniko atanyongwa. Cephas amepewa miaka kumi na minne. Aliposomewa alinigeukia akasema, "Umemaliza nyumba ya Walter." Nikamwambia Walter alikuwa na nyumba moja tu, na ni mimi.

Kwa kifo cha Maroa hakuna aliyehukumiwa.

Kati ya ng'ombe ishirini Cephas aliuza kumi na watatu. Saba waliobaki wameandikwa kwa jina langu, na nimetia sahihi mwenyewe. Nilipomaliza kutia sahihi nilimwuliza DO, "Na mjane wa yule aliyepigwa mawe, atapata nini?" Alisema fidia ni ya waliokosewa, na mwizi hana fidia. Nikamwuliza, "Mke wake aliiba nini?" Si mtu mbaya. Alifunga faili, akaniuliza kama nina watu wa kunisaidia kuswaga ng'ombe mpaka Asumbi.

Katekista ameniambia wakwe wamekutoa nyumbani, na kwamba wewe na watoto mnalala katika stoo ya misheni, kati ya magunia ya mahindi. Baba yangu amenipa kipande cha shamba na nimejenga nyumba ya vyumba viwili. Maziwa yapo. Njoo na watoto. Kama huwezi kunitazama, njoo hivyo hivyo. Nyumba ina milango miwili.

Jedidah


Kehancha,
19 Desemba 1965

Jedidah,

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Nilitaka kukukatalia. Nilikwisha kuandika kwamba siwezi kunywa maziwa ya ng'ombe wale, na kwamba watoto wangu hawatalelewa na mtu aliyemwuza baba yao kwa neno moja. Niliandika vizuri, kurasa mbili. Kisha Robi akaingia akaniambia mdogo wake anakohoa tena, magunia yana vumbi. Nikaweka kalamu.

Nimewaza hivi. Wewe ulisema neno na mume wangu akafa. Mimi nilikalia neno tangu Februari, na laiti ningelisema mapema, Maroa angekufa kwa kamba badala ya mawe, na Mniko asingekunywa maji yangu. Sijui lipi ni kubwa. Nimechoka kupima. Pale wodini hatukuwa tukiuliza mgonjwa amepataje jeraha kabla ya kulifunga.

Nitakuja tarehe 5 Januari, na watoto wote wanne. Nitafanya kazi ya shamba, na wanawake wakihitaji mkunga, tutakwenda pamoja kama zamani. Sitaki uniahidi kwamba yatakwisha.

Lakini kuna jambo moja nakuomba. Usiwaambie Awuor na wadogo zake mimi ni mke wa nani. Usiwaandae, wala usiwalainishe. Waache watupokee kama wageni wengine, tule wote. Wakishakula nitakaa nao chini niwaambie mwenyewe, baba yao aliuawaje na mume wangu alikuwa wapi. Awuor sasa ana miaka kumi na minne, anastahili kusikia kutoka kwangu.

Akisema nisilale chini ya dari moja naye, nitawachukua watoto wangu niondoke asubuhi, na wewe usimkemee.

Kezia